Chembe za sumaku zinanipa DNA kiduchu kuliko koluni za jirani yangu. Watu wa maabara, nitoeni tongotongo

#1 MpambanajiIyumbu
Wakuu salaam.

Nipo Dodoma, namalizia utafiti wa shahada ya pili. Nachukua damu za mbuzi Kongwa na Mpwapwa, nahitaji DNA safi kwa ajili ya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane). Mradi ulitununulia kiti (seti ya dawa za kutolea DNA) ya chembe za sumaku, tukaambiwa zama za koluni zimekwisha: huhitaji sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi), unachanganya, unaweka tyubu kwenye kishikio chenye sumaku, unamwaga kioevu, unaosha, umemaliza.

Sasa jirani yangu wa meza ya pili anatumia koluni za silika za siku zote, vile vichujio vidogo vinavyonasa DNA. Damu ile ile, kutoka kwenye kisanduku kile kile cha barafu. Kila tukipima, yeye anapata kama mara tatu yangu. 260/280 yangu (kipimo cha usafi wa DNA) haina ubaya, inacheza kwenye 1.8. Shida ni wingi.

Msimamizi anasema ni mkono wangu. Mimi nasema hiyo sumaku haivuti DNA ya kutosha. Hii teknolojia inafanya kazi kweli au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?

#2 Babu wa Bahi Road
Mtoe kwanza mbuzi kwenye gunia ndipo damu itoke 😂

Nimeshika kiti cha mbele.

#3 KotiJeupe
Mleta mada, umeanza na kosa. Sumaku haivuti DNA. Haijawahi kuivuta na haitaivuta.

Sumaku inavuta chembe. Ndani ya kila chembe kuna punje ndogo mno za oksaidi ya chuma, zimefunikwa kwa plastiki au silika. Punje zikiwa ndogo kiasi hicho zinapata tabia moja nzuri: sumaku ikiwa mbali hazina usumaku, kwa hiyo hazigandani zenyewe kwa zenyewe. Ukisogeza sumaku, zote zinakimbilia ukutani mwa tyubu. Ukiiondoa, zinatawanyika tena.

DNA inakamatwa na ngozi ya chembe, na kinachoishikisha ni chumvi. Kama kiti yako ina guanidini (chumvi kali inayopasua seli), ngozi ni silika. Kama ina PEG (molekuli ndefu inayoyeyuka majini) na chumvi nyingi, ngozi ni ya kaboksili. Kwa hiyo kabla ya kulaumu sumaku, tuambie bafa yako, yaani kimiminika cha kiti, ni ipi.

#4 SautiYaNala
Samahani wataalamu, mimi ni wa biashara tu ila nafuatilia. Damu si ina chuma? Kwa nini sumaku isivute damu yote moja kwa moja?

#5 KotiJeupe
@SautiYaNala chuma cha kwenye hemoglobini kimefungwa ndani ya protini, hakifanyi kazi kama msumari. Ingekuwa hivyo, usingethubutu kuweka spika karibu na kidonda. Na humu maabara tunaiogopa hemoglobini kwa sababu nyingine: mabaki ya himu (ile sehemu yake yenye chuma) yakibaki kwenye DNA yanazima PCR.

#6 MpambanajiIyumbu
@KotiJeupe asante kaka. Ni ya silika na guanidini. Kuna proteinezi K ya kukata protini, kuna isopropanoli (pombe), halafu naosha kwa bafa yao, mwisho ethanoli asilimia 80 mara mbili.

#7 DaktariWaMifugo_Mpwapwa
Kuna jambo moja mnaliruka. Damu ya mbuzi, kama ya binadamu, chembe zake nyekundu hazina kiini. DNA yote inatoka kwenye chembe nyeupe, ambazo ni chache. Kwenye mikrolita 200 za damu usitegemee zaidi ya mikrogramu chache. Mnyama akiwa na chembe nyeupe kidogo, unapata kidogo, hata uje na mashine ya Ulaya.

Mimi ningeuliza: damu ilichukuliwa kwenye tyubu ya kifuniko gani? Zambarau au kijani? Kijani ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na heparini inaifuata DNA mpaka mwisho inakwenda kuharibu PCR. Halafu ilikaa muda gani juani pale Kibaigwa mkisubiri gari?

#8 MpambanajiIyumbu
Zambarau, EDTA, nayo ni ya kuzuia damu kuganda. Juani haikukaa, Dokta. Lakini kumbuka jirani anatumia damu hiyo hiyo. Ingekuwa ni damu, na yeye angelia.

#9 BintiKondoa
Hapo #8 umejibu vizuri. Tatizo lipo kwako au kwenye kiti, si kwa mbuzi.

Mimi nakwambia ni ethanoli. Hiyo asilimia 80 unaitengeneza lini?

#10 MpambanajiIyumbu
Naitengeneza Jumatatu dada, naitumia wiki nzima. Chupa ipo mezani.

#11 BintiKondoa
Haya, tumeshampata mwizi.

Ethanoli inakimbia hewani kuliko maji. Chupa inayofunguliwa na kufungwa kwenye meza ya Dodoma mwezi wa kumi, madirisha wazi, upepo ule unaoujua, kufika Alhamisi hiyo si asilimia 80 tena. Maji yanazidi. Na DNA inabaki kwenye chembe kwa sababu tu ya chumvi na pombe. Maji yakizidi inaachia. Unaosha uchafu pamoja na DNA unamwaga. 260/280 itaendelea kusoma vizuri maana kilichobaki ni kisafi, ila ni kidogo. Ndicho unacholalamikia.

Tengeneza kila asubuhi, kiasi cha siku hiyo. Chupa funga.

#12 KotiJeupe
@BintiKondoa hoja nzuri ila sijaridhika. Koluni ya jirani nayo inaoshwa na bafa yenye ethanoli. Kwa nini yeye haibiwi?

#13 BintiKondoa
Kwa sababu bafa ya koluni inakuja chupani na ina chumvi ndani yake, unaongeza pombe mara moja, unafunga. Yeye hachanganyi pombe na maji kwenye bika.

#14 KotiJeupe
Inawezekana. Sijasema haiwezekani.

#15 Babu wa Bahi Road
Kwa hiyo chupa ya pombe inapungua makali mezani yenyewe, bila mtu kuionja? Hapo maabara kwenu hakuna mlinzi wa usiku? 😂😂

#16 Mwl. Chembechembe
Tuweke historia sawa maana kuna vijana wanadhani vitu hivi vimekuja na korona.

Chembe za plastiki zenye ukubwa unaolingana zilitengenezwa na Wamarekani kwenye chombo cha anga za juu. Baadaye ndipo zikaingizwa chuma, na miaka ya 1990 zikaanza kutumika kutoa DNA.

#17 KotiJeupe
Shikamoo mwalimu. Hapo pa Wamarekani naomba tusahihishe. Ni kweli walitengeneza za kwao angani, wakiamini kwamba duniani uzito utaziharibu zisilingane. Lakini John Ugelstad, Mnorwei wa Trondheim, alishazipata miaka ya 1970 chini hapa hapa kwenye benchi. Chembe za sumaku za Dynabeads zimetokana na kazi yake.

Upande wa DNA kuna njia mbili zilizokuja kukutana. Boom na wenzake wa Amsterdam walichapisha mwaka 1990 mbinu ya silika na guanidini, ambayo haikuhitaji sumaku kabisa. Halafu kundi la Taasisi ya Whitehead kule Marekani, DeAngelis na wenzake, 1995, wakaonyesha ile ya PEG, chumvi na chembe za kaboksili. Kiti ya mleta mada ni mjukuu wa Boom aliyepandishwa kwenye chembe ya sumaku.

#18 Mwl. Chembechembe
Marahaba. Napokea la Trondheim. La korona nasimama nalo.

#19 FundiSpika_Majengo
Mie nipo kwenye sumaku. Hicho kishikio mlinunua au mlitengeneza? Maana kuna vijana wa chuo walikuja kwangu kutafuta sumaku za spika na za diski za kompyuta. Nikawauzia, wakazichomeka kwenye ubao waliotoboa.

Kama sumaku ni dhaifu, au imekaa chini ya tyubu badala ya ubavuni, chembe hazikusanyiki zote. Ukinyonya kioevu unaondoka nazo. Na hapa joto letu linaua sumaku.

#20 MpambanajiIyumbu
@FundiSpika_Majengo tulitengeneza 🙈 Ni sumaku za diski. Kishikio cha kiwandani bei yake tuliiona tukakaa kimya.

#21 KotiJeupe
Fundi, la joto hapana. Sumaku za neodimiamu za kawaida, kama hizo za diski, huanza kupoteza nguvu zikifika kama nyuzi 80. Dodoma hatujafika huko, ingawa mwezi wa kumi na moja mtu anaweza kubisha. Kinachoziua hapa ni kutu, ganda la juu likishabanduka.

Lakini hilo la kunyonya chembe pamoja na kioevu ni kweli kabisa, na ndilo ninalolipa uzito. Damu iliyoyeyushwa kwa guanidini ni nzito. Chembe zinasafiri polepole ndani yake. Maelekezo ya kiti yanasema dakika moja au mbili kwa sababu aliyeyaandika ana sumaku nene ya kiwandani. Wewe na sumaku ya diski subiri mpaka chembe zote zikae ubavuni na kioevu kisiwe na vumbi linaloelea, hata kama ni dakika tano. Kama kioevu unachomwaga kina vumbi la kahawia linaloelea, ujue unamwaga DNA yako.

Mleta mada, kile kioevu cha kwanza unachomwaga, umewahi kukirudisha kwenye sumaku uone kama kuna chembe zimebaki?

#22 MpambanajiIyumbu
Sijawahi. Na kina rangi, lakini nilidhani ni damu.

#23 KotiJeupe
Kirudishe.

#24 Jembe_la_Makutupora
Mbukwenyi wote. Nyie wa damu mnalia na nini? Njooni kwenye majani ya mzabibu.

Jani la mzabibu lina polifenoli na sukari ndefu kiasi kwamba ukiliponda tu linageuka kahawia, na DNA inakamatana na huo uchafu. Sisi tunaanza na CTAB (sabuni ya kutenga sukari hizo), tunaongeza PVP (ya kunasa polifenoli) na ile mekaptoethanoli inayonuka mpaka geti la nje, klorofomu, halafu ndiyo tunamalizia kwa chembe za sumaku. Chembe peke yake kwenye jani la zabibu ni kujidanganya. 260/230, kipimo kingine cha usafi, inashuka mpaka unaona aibu kuiandika kwenye daftari.

Tena majani machanga ya ncha, asubuhi. Jani lililokomaa achana nalo.

#25 DaktariWaMifugo_Mpwapwa
@Jembe_la_Makutupora 260/230 ikishuka kwenye kiti ya guanidini usikimbilie kulaumu jani, guanidini yenyewe inasoma pale pale kwenye 230. Inaweza kuwa ni uoshaji tu.

#26 Jembe_la_Makutupora
Kwa mzabibu ni vyote viwili Dokta. Mimi PCR yangu inakataa, namba hainisaidii kitu.

#27 KukuWaSingida
Naongeza yangu. Mwenye damu kidogo analia, mimi nililia kwa damu nyingi. Kuku chembe zake nyekundu zina kiini, kwa hiyo tone moja lina DNA ya kufa mtu. Nikatumia mikrolita zile zile 200 za kwenye maelekezo ya binadamu. Kilichotokea, tyubu nzima ikawa kama mlenda. Chembe zimenasa ndani, sumaku inavuta, haziji. Ukinyonya kioevu, unanyonya kamba nzima.

Siku hizi naweka mikrolita 5 mpaka 10 tu, nafidia kwa bafa. DNA inatoka mpaka inabaki.

#28 SautiYaNala
Mlenda nao umo kwenye sayansi, sasa hapo nimeelewa somo 😂

Swali: hii ndiyo inayotumika kujua mtoto ni wako au si wako? Naulizia rafiki yangu.

#29 Babu wa Bahi Road
Rafiki yako anaishi Nala?

#30 MamaWaUstawi
Kaka Sauti, mwambie rafiki asitafute kiti mtandaoni. Vipimo vya vinasaba vya binadamu hapa nchini vina sheria yake ya mwaka 2009, na vinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hayaendi mtu na kijiti chake mkononi; yanapitia njia zinazotambulika kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Mtoto naye ana haki zake katika jambo hilo, si baba peke yake.

#31 KotiJeupe
Na kiufundi, ndiyo, maabara nyingi za jinai na uzazi duniani hutumia chembe za sumaku. Kijiti kinapanguswa shavuni kwa ndani, DNA yake ni kidogo, na chembe zinafaa kwa sampuli ndogo; tena mashine inaweza kushughulikia sampuli nyingi kwa pamoja bila mkono wa mtu.

#32 Nesi_wa_Zamu
Hata ile GeneXpert ya kifua kikuu inatumia sumaku hivyo hivyo, ndiyo maana majibu yanatoka chini ya saa mbili.

#33 KotiJeupe
Hapana dada. Katriji ya GeneXpert ina kichujio kinachonasa bakteria, halafu mawimbi ya sauti yanawapasua, DNA inaenda PCR. Hakuna sumaku mle. Zinazotumia sumaku ni zile mashine kubwa za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI: cobas wanatumia chembe za kioo zenye sumaku, na Abbott m2000 nao wana chembe za sumaku. Tena pale kinachotafutwa ni RNA, ndugu wa DNA anayebeba vinasaba vya virusi hivyo.

#34 Nesi_wa_Zamu
Sawa, nimechukua.

#35 Mtoro_wa_Fizikia
Mnaongea sana kuhusu chumvi lakini hamsemi kwa nini DNA inashika. DNA ina chaji hasi. Silika nayo hasi. Vya hasi vinasukumana. Kwa kawaida ilitakiwa ikimbie.

#36 KotiJeupe
Guanidini inanyang'anya maji. DNA na silika vyote vimevaa koti la maji. Ukilivua, vinaona afadhali vishikane. Baadaye ukiweka maji safi au bafa yenye chumvi kidogo, koti linarudi, DNA inaachia.

#37 Mwl. Chembechembe
Sisi tulifundishwa daraja la chumvi: ayoni chanya inakaa katikati ya hasi mbili, inazishikanisha. Na pH ikiwa chini silika inapunguza uhasi wake, ndiyo maana kushika kunapenda pH ya chini na kuachia kunapenda 8 hivi.

#38 Mtoro_wa_Fizikia
Na kwenye PEG? Pale ngozi ni kaboksili, hasi tupu, na hakuna guanidini.

#39 KotiJeupe
PEG inajaza nafasi. DNA inasongwa mpaka inajikunja, chumvi inazima chaji yake, inaangukia kwenye chembe iliyo karibu. Ndiyo maana ukipunguza uwiano wa PEG vipande vifupi vinaachwa vinaelea. Uwiano wa mchanganyiko wa PEG kwa sampuli ukiwa 1.8 unabeba mpaka vya bezi (herufi za DNA) kama 100, ukishuka 0.8 vifupi unavitupa.

#40 Mtoro_wa_Fizikia
Kwa hiyo maelezo matatu kwa kitu kimoja. Wakemia bwana.

#41 DaktariWaMifugo_Mpwapwa
Turudi kwa kijana. @MpambanajiIyumbu mnapima kwa kifaa gani? Kinachosoma mwanga wa 260 moja kwa moja, au cha rangi inayong'aa?

#42 MpambanajiIyumbu
NanoDrop, Dokta. Ile ya rangi ipo ila dawa zake zimeisha.

#43 DaktariWaMifugo_Mpwapwa
Basi mimi nina wazo ambalo halitampendeza jirani yako. NanoDrop haijui DNA na RNA, vyote vinasoma 260. Koluni ya jirani inashika na RNA ya chembe nyeupe. Je, yeye anaweka RNezi, kimeng'enya cha kukata RNA? Na kiti yako inaweka? Kama wewe unaweka na yeye haweki, sehemu ya hiyo "mara tatu" ni RNA tupu. Huenda hujapungukiwa, ila mwenzio amejaza.

Piteni wote kwenye jeli ya agarosi, mikrolita sawa kwa sawa. DNA nzima itakaa juu kama mstari mmoja. RNA itatambaa chini.

#44 BintiKondoa
Hii ya Dokta ni kali. Lakini mara tatu nzima? Sidhani. Bado nipo kwenye ethanoli.

#45 JiraniMezaYaPili
Nimeletewa uzi huu na mtu wa hosteli. Ndiyo, mimi ndiye wa koluni. RNezi siweki, maelekezo yanasema ni hiari. Lakini PCR yangu inatoka na ya huyu bwana inatoka hafifu, na PCR haisomi RNA. Mjibu hilo.

#46 Babu wa Bahi Road
Mshitakiwa kaingia mahakamani mwenyewe 😂😂😂

#47 KotiJeupe
Karibu. Hafifu inaweza kuwa ni uchache, au ni kizuizi. Ethanoli iliyobaki inazuia PCR. Chembe zilizopita hadi mwisho nazo zinaweza kusumbua. Mleta mada, chukua DNA yako, ipunguze mara kumi kwa maji, rudia PCR. Mstari ukinenepa, una kizuizi. Ukififia zaidi, ni uchache kweli.

#48 Mkaanga_Chembe
Hakuna aliyegusa kukausha. Maelekezo yanasema kausha dakika 5 mpaka 10. Hayo yaliandikwa nchi zenye unyevu. Hapa kiangazi hewa ni kavu, kwa dakika hizo chembe zinapasuka nyufa. Zikikauka kupita kiasi DNA inagoma kuachia, hata uweke maji ya moto. Mimi hapa mjini naangalia mng'ao: ukipotea tu juu ya chembe, naweka bafa ya kutolea saa hiyo hiyo, napasha nyuzi 55 kidogo. Saa siitazami.

#49 BintiKondoa
@Mkaanga_Chembe hili linapingana na #47. Yeye anasema ethanoli imebaki, wewe unasema imekauka mno.

#50 Mkaanga_Chembe
Ndiyo, linapingana. Mmoja wetu hayuko sahihi kuhusu huyu kijana, na kijana hajatuambia anakausha vipi.

#51 MpambanajiIyumbu
Nakausha nikiwa naenda kunywa chai 😅

#52 Mkaanga_Chembe
Sina la kuongeza.

#53 MamaWaUstawi
Mtu atoe tahadhari moja maana naona vijana wanasoma. Mwanangu aliwahi kunieleza kuhusu kumwaga mabaki ya hizo dawa pamoja na Jik.

#54 KotiJeupe
Asante mama kwa kukumbusha. Mabaki yenye guanidini yasikutane na Jik kabisa, hutoa gesi ya sumu. Kusafisha benchi iliyomwagikiwa guanidini, anza na maji na sabuni. Chupa ya taka za guanidini iwe peke yake na iandikwe kwa kalamu nene.

#55 SautiYaNala
Na maji ya kutolea DNA ni ya bomba? Maana ya kwetu yanaacha chokaa kwenye birika.

#56 KotiJeupe
Usithubutu. Maji ya visima vya Mzakwe tuachie chai. DNA inatolewa kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na vimeng'enya, au bafa ya Trisi yenye pH 8 na kitu.

#57 MpambanajiIyumbu
Wakuu, leo nimerudisha kile kioevu cha kwanza kwenye sumaku, dakika tano. Kuna chembe zimejikusanya. Si nyingi, lakini zipo. Ethanoli nimetengeneza mpya pia, na chai nimekunywa baadaye. Namba imepanda, ila jirani bado ananizidi.

#58 BintiKondoa
Umebadilisha vitu vitatu kwa pamoja! Sasa tutajuaje ni kipi?

#59 KotiJeupe
Ni sumaku.

#60 BintiKondoa
Ni ethanoli.

#61 DaktariWaMifugo_Mpwapwa
Jeli bado hamjapitisha.

#62 JiraniMezaYaPili
Jeli kesho, umeme ukiwepo. Na RNezi nitaweka kwenye nusu ya sampuli, tuone nani ananitania.

#63 FundiSpika_Majengo
Kijana, mimi nina sumaku nene za spika kubwa za muziki, zile za duara. Zimekaa dukani, mnunuzi hana. Uje na tyubu zako tupime umbali, ila simu na kadi ya benki acha nyumbani.

#64 MpambanajiIyumbu
Nakuja Jumamosi, mzee. Nikitoka Msalato mnadani, nina mbuzi wengine wa kutoa damu.